Mkwe Aliye Shimoni

Mandewa, Singida
18 Januari 1998

Mke wangu Raheli,

Najua barua huanza kwa kuulizana hali, lakini leo naruka hapo, kwa sababu hali yako alinipa Ezekieli dereva aliporudi kutoka mnadani: umelala kama daktari alivyoagiza, unakula, na unagombana na Mama juu ya chumvi. Nilimshukuru Mungu pale pale stendi, katikati ya mafurushi yake ya mitumba. Mwanamke anayegombana juu ya chumvi ni mzima.

Nyumba imekuwa kubwa mno bila wewe. Najipikia ugali ambao hata mbwa wa jirani anaunusa kwanza. Ningekuja kukuona, lakini unajua mambo yenyewe: kwa mvua hizi hakuna kwenda Kinyangiri na kurudi siku hiyo hiyo, na mkwe halali ukweni. Kwa hiyo nimetafuta namna nyingine ya kukaa nawe.

Sikiliza. Kwenye kompyuta ya ofisi kuna gemu, aliliacha yule mtaalamu wa Kinorwe aliyetufundisha kuchapa. Halina picha. Ni kioo cheusi na herufi tu. Wewe ni herufi moja, ile a iliyozungushiwa mkia, na kuta za pango ni vistari. Mazimwi nayo ni herufi. Unashuka ngazi baada ya ngazi kutafuta hazina iliyo chini kabisa. Utamu wake ni kwamba kompyuta hulichora pango upya kila unapoanza, hivyo hakuna wa kukariri njia wala kujua kuna nini mbele. Na ukifa umekufa: unachorewa kaburi lenye jina lako, na kila ulichookota kimekwenda. Mimi nimekwisha kufa mara nyingi hata Laurenti wa uhasibu ananiita marehemu. Asubuhi ananisalimia, "Marehemu, umeamkaje?"

Sasa Ijumaa baada ya kazi nikaanza upya. Sijatembea hata, pale pale ngazi ya kwanza, nikaokota taa isiyozimika. Chumba cha pili, koti la chuma. Cha tatu, pete! Laurenti aliacha chai yake akaja kusimama nyuma yangu. Anacheza tangu mwaka juzi na taa ya namna hiyo hajawahi kuiona, achilia mbali kuiokota mlangoni. Alikasirika waziwazi, maskini.

Nikasema, bahati hii siitumii peke yangu. Nimelihifadhi gemu pale pale. Mimi nitakuwa miguu, wewe uwe kichwa. Kutwa umelala unahesabu boriti za dari; fikiri na hili. Swali la kwanza: pete haijulikani kazi yake mpaka uivae. Kuna zinazokulinda na kuna zinazokuua njaa. Nivae nisivae?

Nakuwaza kila saa, na huyo wa tumboni pia.

Mumeo,
Sixbert

*

Kinyangiri, Iramba
25 Januari 1998

Kwa mume wangu Sixbert,

Mimi naanza kwa salamu, maana nimelelewa. Hujambo? Sisi hatujambo. Mama hajambo, mbuzi hawajambo, chumvi ndiyo haijambo kabisa, naiona kwa mbali tu.

Nimecheka barua yako mpaka Mama akaja mbio akidhani uchungu umenianza. Mtu mzima, baba mtarajiwa, ofisi ya wafadhili, anacheza na herufi! Vaa pete. Ukifa utakuwa marehemu mwenye pete.

Na mimi nina habari. Juzi mtoto amecheza kwa nguvu. Nilikuwa nimelala ubavu, nikadhani ni tumbo la maharage, kisha akarudia tena na tena. Nililia, Sixbert, lakini kwa furaha. Wale wawili tuliowapoteza hawakucheza namna hii. Sisemi zaidi, naogopa kusema.

Mama ameshapaka chokaa chumba chake na kuhamia cha nje. Anataka mjukuu wa kwanza azaliwe humo humo nilimozaliwa mimi, na mkunga amemwambia tayari. Nami ndivyo nitakavyo. Usije ukaniletea habari za hospitali. Hospitali ndiko tulikowaacha wale wawili. Hapa nimelala kwa amani, na tangu nije hakuna hata siku moja niliyopata maumivu. Mungu ametupa mwanzo mzuri safari hii, tusimchokoze.

Baba unamjua. Haingii chumbani kwa binti yake mjamzito, lakini kila asubuhi anapita nje ya dirisha langu na kukohoa. Mimi nakohoa kumjibu. Hapo ameridhika, anakwenda shamba. Ndiyo mazungumzo yetu.

Halafu usiniandikie "tumeshuka, tumepata" halafu unashuka bila kunisubiri. Nitajua.

Mkeo,
Raheli

*

Mandewa
3 Februari 1998

Raheli mpenzi,

Ezekieli ananiambia barua inayoingia kwenye mji wa watu bila jina la mwenye mji huleta maneno, kwa hiyo leo juu ya bahasha nimeandika jina la Baba na lako chini yake. Nadhani nimefanya heshima.

Nimevaa pete! Ni njema. Inaonyesha milango iliyofichwa. Jana nimeshuka ngazi ya nne, unisamehe sikukusubiri. Taa inawaka vizuri, ukuta unaonekana hadi mwisho. Mahali pamoja palikuwa pametulia tu, jiwe tupu, mtu yeyote angepita. Nikapapasa, ukuta ukaachia, na ndani dhahabu! Wenzangu huku wanasema hawajawahi kuona mtu aliyepewa mapema namna hii. Laurenti hataki hata kunitazama.

Popo walinisumbua kidogo, na kuna kitu kikubwa nilikisikia kikitembea upande wa pili, lakini koti lilinikinga. Sasa sina hofu tena. Kazi za ofisi nazimaliza haraka haraka nipate kuingia shimoni kabla umeme haujakatwa. Bosi hajui. Nikifika ngazi ya nane hakuna wa kunitoa tena, nashuka mpaka chini kabisa.

Usimwambie Mama, atasema nimepotoka.

Je, tushuke ya tano sasa hivi au tuzunguke kwanza hapa tulipo? Nasubiri neno lako.

Wako wa shimoni,
Sixbert

*

Kinyangiri
10 Februari 1998

Kwa mkwe wangu Sixbert,

Salamu. Sisi huku tu wazima kwa rehema za Mungu.

Bahasha yako imefika kwangu ikiwa na jina langu, nami nikaifungua. Nilipoona si yangu nilikuwa nimekwisha kuisoma. Raheli sijamwonyesha, kwa sababu anatakiwa asishtuke.

Mimi si mtu wa maneno mengi na wewe tangu uoe hapa hatujazungumza zaidi ya salamu, kama inavyopasa. Lakini leo nitasema.

Nilipokuwa kijana tulikwenda machimbo, mimi na ndugu yangu Urbano. Yeye alikuwa anashuka, mimi navuta kamba. Wiki ile ile ya kwanza Urbano akapata jiwe lenye dhahabu, linang'aa hata bila kuoshwa. Wazee waliochimba miaka mingi walikuja kulishika. Nikamwambia turudi nyumbani, tuna cha kununulia ng'ombe. Akasema shimo linalompa mtu mapema namna hii limempenda. Zikaja mvua. Kuta zikalainika, kila mtu alipanda, Urbano hakupanda. Aliniambia bado kidogo. Kamba niliivuta ikaja nyepesi.

Mvua za mwaka huu ni kubwa kuliko zile. Mke wako amelala hapa na tumbo. Toka katika hilo shimo. Kazi ya ofisi ni njema, mtu hafi kwa kalamu. Huyo Laurenti anayekukasirikia ni mtu mbaya, achana naye.

Nijibu mara moja.

Ni mimi,
Simeoni

*

Mandewa
14 Februari 1998

Baba shikamoo,

Nimeipokea barua yako. Kwanza nakupa pole kwa Baba mdogo Urbano. Raheli hajapata kunisimulia, na sasa nadhani naye hajui. Nashukuru kwamba umeniambia mimi.

Baba, naomba uniwie radhi, mimi si mchimbaji. Sijawahi kushika sururu. Shimo ninalomwandikia Raheli limo ndani ya kompyuta, yaani mashine ya kuandikia iliyo kama runinga. Mtu anayeshuka si mimi, ni herufi. Dhahabu nayo ni alama tu, huwezi kuishika. Popo ni herufi. Ukizima umeme hakuna kitu. Ila mtu akifa anakuwa amekufa kweli, ndani ya mchezo, na Laurenti mwenyewe amekufa mara nyingi lakini ni mzima, tunakula naye mchana.

Nikisoma nilivyoandika naona sijasaidia.

Ni mchezo, Baba. Namchezea Raheli ili asichoke kulala. Yeye anaamua, mimi natekeleza. Sina jambo lingine ninaloweza kumfanyia nikiwa huku.

Nisalimie Mama.

Mkweo mtiifu,
Sixbert

*

Kinyangiri
20 Februari 1998

Sixbert,

Barua yako nimeisoma. Nimempa na Mwalimu Redempta aisome, ambaye amesoma mpaka chuo cha ualimu Korogwe. Naye hakuielewa, lakini amesema mtu mzima haandiki hivyo.

Mnada ukiisha nakuja na gari la Ezekieli. Usishuke mpaka nifike.

Simeoni

*

Mandewa
27 Februari 1998

Raheli wangu,

Barua hii anakuletea Ezekieli mwenyewe, akupe wewe tu, maana ile niliyoandika jina la Baba aliifungua yeye, akadhani nimekuwa mchimbaji.

Baba yako amekuja. Jana mchana mlinzi anakuja kuniita: kuna mzee getini, amevaa koti la Jumapili na kofia, na begani amebeba kamba. Kamba, Raheli! Ya katani, mpya, imeviringishwa vizuri. Anauliza shimo liko upande gani wa jengo.

Nilitoka mbio. Nikamwamkia. Hakuitikia kwanza, alinitazama viatu. Nadhani alikuwa anatafuta udongo. Kisha akaniuliza, "Wewe ni mzima?" Nikasema mimi ni mzima, Baba. Ndipo akasema marahaba, na akaiweka kamba chini. Nimejua tangu siku ile nilipokuja kukuposa kwamba baba yako hanipendi sana. Nilikosea. Mtu hasafiri juu ya gari la mitumba na kamba begani kwa ajili ya mtu asiyempenda.

Nikamwingiza ofisini, nikamvutia kiti, nikafungua gemu pale tulipoacha, ngazi ya nne. Nikamwonyesha: huyu ndiye mimi, hii taa, huu ukuta. Nilidhani atacheka au ataondoka. Akauliza, "Mlango wa kutokea uko wapi?"

Nikamwambia uko juu, ngazi ya kwanza, tulikoingilia.

"Mbona hupandi?"

"Hakuna anayepanda, Baba. Mchezo ni kushuka."

"Nani kasema?"

Miezi yote hii nimekufa mara zisizo na idadi, wala sikupata kujiuliza kama mtu anaweza kutoka. Laurenti naye akasema kutoka unaruhusiwa, ila hakuna maana, unapewa alama chache. Baba akasema, "Panda."

Basi tukapanda. Usinikasirikie kwamba sikukuuliza, sikuwa na namna ya kumkatalia, ungekuwa wewe ungempandia vile vile. Kurudi kulikuwa kugumu kuliko kushuka, kwa sababu mazimwi yalikwisha kutujua. Baba alivua kofia. Alikuwa ananiambia simama, sikiliza, sasa twende, huku ameinamia kioo karibu aingie. Ngazi ya pili tulibakiwa na uhai wa kuhesabu kwa vidole, nikataka kugeuka tukatafute dawa, akanishika mkono. Akasema, "Bado kidogo inayoua watu ndiyo hiyo." Tukapita. Tukatoka nje na taa yetu, koti letu, pete yetu na dhahabu yote.

Laurenti akacheka. Akasema alama zenu ni ndogo kuliko zangu za juzi.

Baba akamgeukia. "Wako yuko wapi?"

"Amekufa."

"Na wetu?"

"Yuko nje."

"Basi."

Akasimama, akanipa mkono kwa mikono yote miwili, akatoka uani. Nilimfuata, nikamkuta ameegemea tangi la maji anapangusa macho kwa kofia. Sikusogea karibu. Baadaye aliniuliza jambo moja tu: daktari alisemaje juu ya mwezi wa nane wa mimba? Nikamwambia kweli: alisema ni vizuri ukawe karibu na hospitali tangu mwezi huo uanze, na wewe hukutaka. Alipopanda gari alikuwa anatazama mawingu.

Nashukuru sana kwa baba uliyenipa.

Sixbert

*

Kinyangiri
6 Machi 1998

Sixbert,

Leo hakuna salamu.

Ulimwambia nini baba yangu? Amerudi mtu mwingine. Jana aliingia chumbani. Baba! Aliingia, akakaa juu ya kigoda, akanisimulia habari za ndugu yake Urbano ambazo sijapata kuzisikia tangu nizaliwe. Mama alisimama mlangoni analia. Kisha akasema wiki ijayo Ezekieli akipita ananipeleka hospitali ya misheni, nikalale kule nyumba ya wajawazito mpaka nijifungue.

Nimekataa. Nilikuambia mapema sitaki. Nimelala hapa miezi mingi sijaumwa hata kichwa. Mtoto anacheza, nakula, nalala. Chumba kimepakwa chokaa. Kwa nini niondoke mahali palipo pema niende mahali pabaya? Baba anasema hapo ndipo anapoogopa, kwamba mambo yamekwenda vizuri mno mpaka hatusikii mvua. Nikamwambia mimi si Urbano. Akasema anajua.

Na wewe usithubutu kunilinganisha na pango lako. Mimi si herufi.

Mama yuko upande wangu, lakini kwa unyonge. Sasa nataka neno lako. Ukisema nibaki, Baba atakusikiliza, kwa namna anavyokusifu sasa hivi ungedhani amekuzaa. Sema nibaki.

Naogopa kile kitanda, Sixbert. Naogopa ule mlango wa kijani. Mara zote mbili niliingia na mtu na nikatoka peke yangu.

Raheli

*

Singida mjini
9 Machi 1998

Raheli,

Ezekieli amewasha gari, naandikia juu ya boneti.

Siwezi kusema ubaki. Nimelala nalo na kuamka nalo. Wala sisemi uende kwa amri, sina amri juu ya woga wako, na huo woga ni wangu pia. Mara zote mbili mimi nilikuwa nje ya mlango huo wa kijani. Lakini ulikwenda umechelewa, mara zote mbili, ukumbuke. Hatukupata kwenda hata mara moja ukiwa mzima.

Wewe si herufi. Herufi ikifa naanza upya. Ndiyo maana nakuomba.

Nenda ukiwa unacheka, nenda ukiwa unagombana juu ya chumvi. Hospitali iko upande huu wa mto, hata daraja likikatika kwa mvua hizi nitakufikia. Ukifika tu nitakuja kila Jumapili, nikae nawe bila kuvunja heshima ya mtu. Baba akusindikize. Mwambie Mama nampigia magoti.

Ananipigia honi.

Sixbert

*

Kinyangiri
23 Machi 1998

Kwa mkwe wangu Sixbert,

Salamu. Barua hii anavuka nayo kijana Calist anayejua kuogelea, ikiwa imefungwa katika nailoni. Ikifika umshukuru.

Kama ujuavyo, Raheli alikubali, tukamfikisha hospitali tarehe 14, nikarudi. Alikasirika nami njia nzima, ila alipofika aliniamkia vizuri.

Tangu jana usiku mto umepanda na daraja limekwenda. Nguzo hazionekani. Gari la Ezekieli limekwama huku na haijulikani litatoka lini. Leo asubuhi kuna mtu ameita kwa sauti kutoka ng'ambo, akasema binti wa Simeoni ameingizwa chumba cha kuzalia tangu juzi. Tulimwuliza zaidi, maji yanapiga kelele, hakusikika. Mwezi wake bado. Mama yake hajala. Mimi nimesimama huku ukingoni tangu wakati huo na sina la kufanya, sina hata kamba ndefu ya kutosha.

Wewe uko upande wake. Nenda.

Ni mimi baba yako,
Simeoni

*

Hospitali ya Misheni
28 Machi 1998

Kwa Baba na Mama, Kinyangiri,

Shikamooni.

Naandika mimi Sixbert kwa sababu Raheli ana mikono iliyojaa. Hilo lenyewe ni habari, nadhani Mama amekwisha kupiga vigelegele kabla hajafika mstari wa pili.

Ni msichana. Alizaliwa Jumapili ile ile daraja lilipokwenda, siku ambayo mvua ilinizuia kuja, mapema kuliko hesabu ya daktari. Ni mdogo, Baba, ukimweka juu ya kiganja na nusu ya mkono anaenea. Nilifika na barua yako mfukoni nikiwa nimelowa mwili mzima, nikasimama nje ya ule mlango wa kijani, nikashindwa kuusukuma. Nesi mmoja alinipita akaniambia, "Wewe ndiye baba? Ingia basi, unaziba njia."

Raheli alipasuliwa. Mtoto alikuwa amekaa vibaya na maji yalikwisha kutoka. Daktari anasema wangechelewa saa chache tu asingeweza kuahidi uhai wa yeyote kati yao wawili. Nilimwuliza ingekuwaje kama angekuwa ng'ambo ya mto. Badala ya kujibu aliniuliza nani aliyemleta mapema. Nikamwambia ni baba mkwe wangu. Akasema nikupe mkono wake. Nakupa.

Baba, nilipopata barua yako ya kwanza niliona aibu kubwa, nikawaza nitaitazamaje tena familia hii baada ya kudhaniwa mchimbaji mtoro wa kazi. Leo nakushukuru kwa kunidhania hivyo. Nakushukuru kwa kutoniamini nilipokueleza, na kwa kumpa Mwalimu Redempta barua yangu aisome. Nashukuru kwa safari yako na mgongo wako ulioumia juu ya yale mafurushi. Ningekuwa nimeeleza vizuri, ungebaki nyumbani. Nashukuru kwamba siku ile nilieleza vibaya.

Na Mama, nakushukuru kwa kumwachia. Najua chumba kile ulikitaka. Kitapata mtu, maji yakishuka tu.

Raheli anataka kalamu.

Baba, Mama, ni mimi. Sixbert anaandika kama anahutubia, msimsikilize. Ila yote ni kweli.

Nasikia maumivu ya kidonda lakini nakula. Chumvi ya huku ni nyingi, nimeridhika. Wananifunga mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ndani ya kanga, nakaa naye hivyo kutwa na kucha kama kuku na kifaranga chake. Anapumua vizuri. Ana nywele mpaka kwenye masikio na paji lako la uso, Mama, lile la kukunja mtu akikosea.

Baba, nilikukasirikia njia nzima na sikukuomba radhi pale getini. Nilikuwa naogopa, nikaona hasira ni nyepesi kubeba. Asante kwa kuingia chumbani. Asante kwa kunisimulia Baba Urbano, najua ilikugharimu. Nimewaza sana humu kitandani kwamba ulikaa na jambo hilo miaka yote, halafu ukalitoa siku ambayo mimi nililihitaji. Nilikuwa na mwanzo mzuri mno nikaogopa kuuacha. Ningekuwa bado naulinda sasa hivi, ndani ya chokaa mpya, na mto umejaa.

Hatujampa jina. Tunasubiri wewe na Mama mvuke, mseme ninyi.

Watu wa huku wananiuliza kama sisumbuliwi, maana hanyamazi, analia usiku na mchana, ana sauti kubwa kuliko mwili. Wanawake wa vitanda vya jirani wamechoka naye. Mimi sijachoka. Wale wawili wa kwanza hawakulia, Mama, unakumbuka jinsi chumba kilivyokuwa kimya.

Ameanza tena. Naacha hapa.

Mwana wenu,
Raheli